Naomba ushauri: kijana amepata 91 katika JEE Main, je, apewe mwaka mzima wa kurudia?

MzaziUgenini:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi na familia yangu nchini India kwa sababu za kikazi, na kijana wangu wa kwanza yuko darasa la 12, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati. Tangu zamani nia yake ni kusomea uhandisi katika mojawapo ya vyuo vya IIT, yaani taasisi za teknolojia za India. Januari alifanya awamu ya kwanza ya JEE Main, mtihani wa kitaifa wa kuingilia vyuo vya uhandisi hapa India, na matokeo yalipotoka alikuwa na 91. Mimi nilisoma enzi ambazo 91 ilitosha mtu kuchinjiwa kuku, kwa hiyo nilimpongeza kwa sauti kubwa, kumbe mwenzangu alikuwa amejifungia chumbani akilia. Sasa anataka, akimaliza shule, aende mji wa Kota, Rajasthan, akakae mwaka mzima katika kituo cha tuisheni ndipo arudie. Mama yake anaona aingie chuo chochote cha uhandisi kitakachompokea, na mimi nimebaki katikati. Je, mwaka huo una faida? Na awamu ya Aprili bado ina tumaini lolote?

MwalimuWaNamba:
Pole, mzazi mwenzangu, lakini kijana alikuwa na sababu ya kulia. Namba hiyo si asilimia ya maswali aliyoyapata. Ni pasentaili, yaani inaonyesha kuwa amewapita watahiniwa 91 katika kila 100, au yuko sawa nao. Mtihani huo hufanywa na watu zaidi ya milioni moja, kwa hiyo asilimia tisa waliomtangulia ni umati usiopungua 90,000. Watahiniwa wapatao 250,000 ndio huruhusiwa kwenda JEE Advanced, ambao ndio mtihani wa kuingilia IIT, lakini idadi hiyo imegawanywa kwa makundi ya kijamii yaliyowekwa kisheria, na kwa asiye katika makundi hayo miaka ya karibuni mpaka umekuwa juu kidogo ya 93. Aprili ina tumaini, kwa sababu yanayohesabiwa ni matokeo bora kati ya awamu mbili, na kutoka 91 hadi 94 ni tofauti ya maswali machache tu.

FundiMitambo:
Nilipitia njia hiyo mwenyewe, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Kota ina walimu wazuri, lakini ina pia maelfu ya vijana wa umri wa mwanao wanaopangwa kila mara kwa alama za mitihani ya kujipima, mbali na wazazi, na habari za vijana waliojiua huko si za kubuni. Mtoto ambaye tayari hujifungia chumbani akilia, mimi nisingempeleka akaishi peke yake.

Jambo la pili ni hili: kabla ya kuamua habari ya mwaka, pateni karatasi ya majibu aliyoyajaza Januari, ambayo kila mtahiniwa huweza kuipakua, kisha akae na kila swali alilokosa aseme lilipotea kwa nini. Lipo alilokosa kwa kutojua mada, lipo alilolijua akakosea kukokotoa, na lipo ambalo hakulifikia kwa kuwa muda ulikwisha. JEE Main ina maswali 75 kwa saa tatu, bila kikokotoo, yaani dakika mbili na sekunde 24 kwa swali, na wengi huzama dakika kumi katika swali moja la mekanika huku maswali mepesi ya kemia yakiwasubiri. Mwaka wa kurudia humsaidia asiyejua mada. Anayejua mada lakini hana nidhamu ya muda, miezi miwili ya mitihani ya majaribio, yenye saa mezani na uchambuzi wa makosa kila baada ya mtihani, humtosha. Na aogope sana mchezo wa kubahatisha, kwa sababu jibu baya hukata alama moja.

MwalimuWaNamba:
Ndugu FundiMitambo, hapo mwishoni naomba tutofautiane. Jibu sahihi hupewa alama nne na baya hukata moja. Anayebahatisha kabisa kati ya majibu manne, kwa wastani hupata robo ya nne, ambayo ni moja, na kupoteza robo tatu. Anabaki na ziada ya robo alama. Akiweza kuondoa jibu moja kwa uhakika, ziada yake inafika theluthi mbili. Kwa hiyo katika JEE Main kuacha swali wazi wakati umeshaondoa majibu mawili ni kutupa alama. Katika JEE Advanced hali hubadilika, kwa kuwa yapo maswali yenye majibu sahihi zaidi ya moja, na ukichagua lisilo sahihi unakatwa mbili. Huko hofu yako ina mashiko.

BintiWaPwani:
Nashangaa hakuna aliyeuliza uraia. Ikiwa ninyi si raia wa India, kijana anaweza kujisajili JEE Advanced moja kwa moja bila kupitia JEE Main, na nafasi za wageni huongezwa juu ya zile za kawaida, hazizidi asilimia 10 katika kila kozi. Bado atatakiwa kuufaulu mtihani wenyewe, wenye karatasi mbili za saa tatu kila moja katika siku ileile, na ada ya mgeni ni kubwa zaidi. Someni mwongozo rasmi wa mwaka huu, kwani masharti huguswaguswa.

MzaziUgenini:
Si raia, na wala hatukulijua hilo. Je, si afadhali asubiri mwaka ujao akiwa tayari, ili asiipoteze nafasi yake?

BintiWaPwani:
Kusubiri hakuhifadhi chochote, kaka. Mtahiniwa anaruhusiwa kufanya JEE Advanced mara mbili katika miaka miwili inayofuatana, na miaka hiyo huhesabiwa kuanzia ule aliofanya mtihani wa darasa la 12. Asipofanya mwaka huu, amebakiwa na mmoja. Asiusahau pia mtihani wa shule, kwa maana IIT kwa kawaida hutaka asilimia 75 huko au kuwa ndani ya asilimia 20 ya juu ya bodi yake ya mitihani.

MzaziUgenini:
Nashukuruni nyote. Jana usiku tumeichambua ile karatasi pamoja: kati ya maswali aliyokosa, mengi alikubali mwenyewe kuwa anayajua, na mengine hakuyafikia kabisa, hasa ya kemia iliyowekwa mwisho. Tumekubaliana ataanza na kemia, atafanya Aprili, na tutamsajili JEE Advanced mwaka huu. Habari ya Kota tumeiweka kando hadi matokeo yatoke. Mama yake ameshaficha namba ya simu ya kile kituo.