Tupeane uzoefu: ni mpigaji gani, asiye na jina kubwa jaladani, aliyekufungulia jazi?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu wapenzi wa santuri, salaam. Kwa muda mrefu nimetaka tuzungumze kuhusu albamu kongwe za jazi ya Marekani, lakini si kwa mtindo wa kupanga ipi ni ya kwanza na ipi ni ya kumi, maana mashindano hayo huishia katika ubishi na hakuna anayesikiliza kitu. Ninachoomba ni kila mmoja aeleze albamu moja iliyomzibua masikio, kisha ndani ya albamu hiyo amtaje mpigaji ambaye jina lake halikuandikwa kwa herufi kubwa lakini ndiye aliyemshika mkono.

Naanza mwenyewe. Nimekulia katika nyumba ambayo neno jazz lilimaanisha bendi za dansi za hapa nyumbani: Western Jazz, Kilwa Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kwa hiyo siku mjomba wangu, baharia mstaafu, aliponipa santuri ya *Kind of Blue* ya mpiga tarumbeta Miles Davis na kuniambia kwamba hiyo ndiyo jazi yenyewe, nilisubiri magitaa, nikasubiri mwimbaji, na upande wa kwanza ukaisha bila mtu kufungua kinywa. Niliirudisha katika ganda lake na haikutoka humo kwa karibu miaka miwili.

Kilichonirudisha ni piano. Niliiweka tu iwe inalia wakati napiga pasi, nikahisi kwamba katika wimbo wa pili mkono umebadilika. Katika wimbo wa kwanza na wa tatu piano inapigwa kama mtu anayefungua dirisha polepole asiwaamshe waliolala, ilhali huu wa pili unatembea na kutikisa bega. Nilidhani ni hali ya moyo ya mpigaji yuleyule, mpaka niliposoma majina vizuri: Bill Evans alipiga nyimbo nne, na Wynton Kelly, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mpiga piano wa bendi, alipiga mmoja tu, "Freddie Freeloader". Tarehe 2 Machi 1959 Kelly alifika studio mjini New York akamkuta mwenzake ameshakaa kwenye kiti chake. Alipopewa nafasi ya wimbo huo mmoja, hakuipoteza. Tangu siku ile sisikilizi tena "bendi ya Miles". Nawasikiliza watu saba, mmoja mmoja.

Mchangiaji, Moshi

Mzee wangu, umenitonesha kidonda kwa santuri hiyohiyo. Nilikuwa katika kundi la matarumbeta la usharika wetu, na nilikuwa na kaseti ya *Kind of Blue* niliyorekodiwa kutoka katika santuri ya zamani. Kila jioni nilijaribu kupiga sambamba na Miles, hasa "So What", kwa kuwa noti zake ni chache na hana haraka. Ajabu ni kwamba sikuwahi kulingana naye. Tarumbeta langu lilikuwa chini kidogo, si kwa nusu sauti kamili, bali kwa kiasi kile kinachokera kama jino linalocheza. Nilisukuma bomba la kurekebishia sauti mpaka likagota, bado nikawa chini. Nilimlaumu fundi aliyenitengenezea pistoni, nikaulaumu mdomo wangu, nikailaumu redio kaseti. Lakini nikigeuza upande wa pili, penye "All Blues" na "Flamenco Sketches", tulikaa pamoja bila taabu, kwa redio ileile na betri zilezile.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu sababu. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilirekodiwa tarehe 2 Machi, na siku hiyo mashine kuu ya utepe ilikuwa ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo utepe ulipochezwa kwa kasi sahihi muziki wote ukapanda. Upande wa pili ulirekodiwa tarehe 22 Aprili. Kosa hilo lilikaa ndani ya santuri kwa zaidi ya miaka 30, likasahihishwa katika matoleo ya miaka ya 1990. Tarumbeta langu lilikuwa zima, na pistoni nilikuwa nimezilipia mara mbili.

Mpigaji wangu ni Paul Chambers wa besi. Sisi tuliozoea kuimba kwa kiongozi na waitikiaji tunategemea tarumbeta liongoze na besi ifuate, lakini katika "So What" mambo yamegeuzwa: besi ndiyo inayouliza, kisha piano na baadaye wapuliza wote wanaitikia kwa sauti mbili tu. Kijana aliyepewa jukumu hilo alikuwa na umri wa miaka 23, na siku waliyorudi studio mwezi Aprili ndiyo aliyotimiza 24. Alifariki Januari 1969, kabla ya kufika 34. Kila ninaposikia mwanzo ule, jambo hilo hunirudia.

Mchangiaji, Nairobi

Kwa ufupi: Paul Desmond, saksafoni alto, katika *Time Out* ya mwaka 1959. Jina kubwa ni la mpiga piano Dave Brubeck, na watu wengi huapa kwamba "Take Five" ni utunzi wake, kumbe ni wa Desmond. Alipofariki mwaka 1977 aliacha wosia kwamba mapato ya nyimbo zake yaende kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Nilipolijua hilo ndipo nilipoacha kuuona wimbo ule kuwa muziki wa lifti za hoteli.

Mchangiaji, Mombasa

Kaka zangu, mimi sikuifikia jazi kwa njia ya muziki. Nimelelewa na bibi aliyekuwa akighani tenzi, na sauti niliyoijua kabla ya nyingine zote ni ile ya mtu anayepanda na mstari, akafika kwenye kituo, akashuka pale pale aliposhukia mara iliyopita, akavuta pumzi na kuanza tena. Mwenzangu mmoja aliponisikilizisha *A Love Supreme* ya John Coltrane, sehemu tatu za mwanzo zilinipita juu ya kichwa. Ilipoanza ya nne, inayoitwa "Psalm", nilimwambia aongeze sauti, kwa sababu nilisikia mtu anasoma. Hakuna mdundo wa kuhesabu, saksafoni inapanda, inashuka mahali palepale, inapumzika. Nikauliza, "Huyu anasoma nini?" Mwenzangu akacheka, akanipa jalada. Ndani yake limechapishwa shairi la Coltrane mwenyewe la kumshukuru Mungu.

Nilikaa na jalada mapajani, nikaweka kidole juu ya mstari wa kwanza kama mtoto wa chuoni anayefuata harufi, nikarudisha wimbo mwanzo. Maneno yanakaa. Si kwamba yanakaribiana na muziki. Ni silabi kwa silabi, saksafoni inayatamka. Mara mbili nilipotea na mara mbili kile kishuko cha mwisho wa mstari kilinirudisha njiani, kama kina cha utenzi kinavyomrudisha msomaji aliyesinzia.

Mpigaji ninayemtaja ni Elvin Jones. Albamu inafunguliwa kwa pigo lake la upatu, na mwisho, wakati Coltrane anasoma, Elvin ameziacha ngoma zake za kawaida na kuingia katika zile ngoma kubwa za okestra, zinazonguruma kwa chini bila kumharakisha msomaji. Mtu mwenye nguvu kama zake, ambaye katika sehemu ya tatu anapiga kama nyumba inabomolewa, kukaa nyuma kiasi hicho ni adabu ya hali ya juu. McCoy Tyner wa piano na Jimmy Garrison wa besi wanisamehe kwa kuwapita haraka. Kazi yote waliirekodi tarehe 9 Desemba 1964, siku ambayo jirani zetu wa Tanganyika ya zamani husherehekea uhuru wao, katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, fundi ambaye kwa miaka mingi kazi yake ya mchana ilikuwa kupima watu macho.

Mchangiaji, Minnesota, Marekani

Mimi hufundisha Kiswahili huku ughaibuni, na albamu yangu niliikuta katika duka la santuri zilizotumika kwa sababu ya jina tu: *Mwandishi*, ya mpiga piano Herbie Hancock, iliyotoka mwaka 1971. Nilidhani nimeshika kitabu kilichorekodiwa. Kumbe wakati huo kila mwanachama wa bendi alikuwa amejichukulia jina la Kiswahili, kwa ushawishi wa James Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Hancock ni Mwandishi, Buster Williams wa besi ni Mchezaji, Billy Hart wa ngoma ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto, na Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga. Hilo la mwisho wanafunzi wangu hulipenda zaidi, kwa kuwa Henderson alikuwa amesomea udaktari na kufanya kazi hiyo kwelikweli.

Wimbo wa kwanza, "Ostinato", ambao Hancock aliutunga kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, unazunguka kwa mapigo 15. Nilijaribu kuyahesabu kwa vidole vya mikono nikaishiwa, nikavua viatu. Aliyenisaidia ni huyo Mchezaji: ukimwacha Hancock na vinanda vyake vya umeme, ukamfuata Williams peke yake, besi inarudia maneno yaleyale mpaka mwili unaacha kuhesabu na kuanza kujua.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Minnesota, ahsante. Nakubaliana nawe kuhusu besi, lakini hilo jina la Mchezaji lingempa shida hapa kwetu, maana angeulizwa anacheza namba ngapi. Mtu wa besi kwetu ni mpigaji; anayecheza ni yule aliyelipa kiingilio.

Mchangiaji, Njombe

Wakubwa shikamooni. Ikiwa tunazungumzia Kiswahili ndani ya jazi, ipo albamu iliyotangulia hiyo kwa miaka kumi: *Uhuru Afrika* ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960. Shairi lake liliandikwa na mshairi wa Marekani, Langston Hughes, na katika utangulizi inasikika sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akilisema kwa Kiswahili kabla ya ngoma na tarumbeta kuingia. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku.

Ambaye jina lake si kubwa jaladani ni Melba Liston. Alikuwa mpiga tromboni katika zama ambazo bendi kubwa zilikuwa za wanaume watupu, lakini hapa hakupuliza. Yeye ndiye aliyempangia kila mmoja wa wapigaji zaidi ya ishirini la kufanya. Wapo Max Roach na Babatunde Olatunji katika ngoma, wapo Clark Terry na Freddie Hubbard katika matarumbeta, na kundi zito kama hilo kwa kawaida hugeuka soko. Sikilizeni "African Lady" muone jinsi alivyoacha nafasi kuzunguka sauti ya Martha Flowers, kila chombo kikiingia pale tu mwimbaji anapovuta pumzi.

Mwaka jana niliipiga kwenye simu nikiwa na baba yangu barazani. Aliposikia Kiswahili kile aliacha kumenya njegere, akauliza ni redio gani. Nikamweleza. Akauliza ni uhuru upi unaotajwa, maana wetu ulikuja Desemba 1961 naye alikuwapo uwanjani, mvulana wa shule, na anakumbuka baridi ya usiku ule. Nilipomwambia kwamba maneno yale yalirekodiwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, alinyamaza, akataka nirudishe mwanzo. Nilirudisha mara tatu. Siku hizi kila jioni ananiazima simu, na hunirudishia chaji ikiwa imekwisha.