Nina laki mbili, nianze na chupa zipi kutengeneza kokteli nyumbani?

NdimuTabata
Wakuu habari zenu. Mwezi wa pili huu jambo hili linanisumbua, naomba wenye uzoefu mnisaidie. Nilienda Nairobi kwenye harusi ya binamu yangu, jioni tukaenda kula nyama choma, mhudumu akaniletea kokteli inayoitwa dawa, ile glasi fupi yenye ndimu zilizokatwa, asali na kijiti cha kukorogea. Mimi miaka yote najua bia na Konyagi ya kuchanganya na soda, ile dawa ndo ilikuwa mara ya kwanza nakunywa pombe nikawa nafikiria ladha yenyewe, kwanza uchachu afu asali afu kile kiharufu cha ganda la ndimu kinabaki puani.

Nimerudi Dar nikajaribu mwenyewe. Vodka, yale maji ya ndimu ya chupa ya supamaketi, asali nikaimwagia juu ya barafu. Asali ikagandamana chini kama gundi na juu kukawa na uchungu tu. Sikuimaliza.

Sasa nimetenga laki mbili nianze vizuri. Jamaa ofisini kaniambia bila chupa nane tofauti hakuna kitu utafanya, mwingine anasema ninunue wiski ya miaka 12 nyingine zote ni utoto. Je ni kweli? Na Konyagi yetu inaweza kuingia kwenye kokteli ya maana au ndo basi mpaka vya nje? Na vifaa je, maana lile kopo la kutikisia nimeona bei yake nikarudisha.

KauntaYaPwani
Mkuu karibu sana. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta miaka tisa, mingi ni Zanzibar kwenye hoteli za watalii, na nakuambia toka moyoni usinunue chupa nane. Nunua moja. Mtu anayenunua nane kwa mpigo anaishia kuwa na kabati zuri na vinywaji vibaya kwa sababu hajajua hata moja inafanya nini.

Chupa haikuwa shida yako. Shida ilikuwa ndimu ya chupa na asali ya baridi. Ndimu kamua mwenyewe, dakika hiyohiyo unapotengeneza, kabla ya kuikata izungushe chini ya kiganja mezani ikibonyea kidogo itatoa maji mengi. Na iwe ndimu kweli, sio limau, limau ni pole zaidi na harufu yake ni nyingine kabisa, ukibadilisha hesabu yote inaharibika.

Afu kuna kitu kimoja ukikishika umeshika nusu ya kokteli zote duniani: kikali, kichachu, kitamu. Pombe 60 ml, maji ya ndimu 25, shira 20. Shira ni ileile unayoijua ya kaimati ila nyepesi, sukari kikombe kimoja maji kikombe kimoja, pasha mpaka sukari iyeyuke, usichemshe mpaka iwe nzito, weka friji. Ukitumia ramu nyeupe hiyo ni daiquiri ya Cuba, ukitumia jini watu wengi wataiita gimlet, ukiweka vodka na asali badala ya shira umeshaingia mtaa wa dawa. Mifupa ni ileile nyama tu ndo inabadilika.

Fanya zoezi hili Jumamosi: tengeneza glasi tatu ndogondogo, nusu ya vipimo hivyo, ya kwanza shira kidogo, ya pili kama nilivyoandika, ya tatu zidisha. Onja zote pamoja, suuza mdomo kwa maji katikati. Hapo utajua mdomo wako unasimama wapi na hakuna video itakayokufundisha hilo.

Vifaa usihangaike. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la 20 ml bila sindano, au tumia kile kikombe cha dawa ya maji ya mtoto chenye alama za mililita. Kopo la kutikisia ni chupa pana ya kioo yenye mfuniko mzuri, ile ya jemu. Chujio la chai. Basi.

Barafu ndo watu wanaidharau. Ikikaa friza moja na samaki bila kufunikwa itanusa samaki na kinywaji kitanusa samaki. Tumia maji yaliyochemshwa, funika, vipande viwe vikubwa vigumu vikavu, sio vile vilivyoanza kuyeyuka maana vitamwaga maji kwenye glasi kabla kinywaji hakijapoa.

Mutarakwa254
Niaje watu wa Dar. Hii dawa ni yetu wacha niongezee kidogo. Asali haiyeyuki kwa kitu baridi, ndio maana yako ilikwama. Chukua asali vijiko viwili, maji moto kijiko kimoja, koroga mpaka ilainike, iache ipoe. Ndimu moja kata vipande vinne, ponda kwa glasi na sukari kijiko kidogo, lakini ponda polepole, ukisaga ganda sana linatoa uchungu, unataka tu yale mafuta ya juu ya ganda. Vodka toti mbili, barafu iliyopondwa ijae, alafu ile asali. Kijiti ukichovye kwa asali nzito uache mtu ajikorogee mwenyewe, akitaka tamu anakoroga zaidi. Hiyo ndio raha yake, anayekunywa ndiye anamalizia kuitengeneza. Ni ndugu ya caipirinha ya Brazil, tofauti wao wanatumia pombe ya maji ya miwa.

Kuhusu jini usione ni kitu ya mbali. Inapata harufu yake kwa matunda ya mti wa jamii ya mutarakwa, hiyo mti wazee wetu huko juu wanatumia kwa posti za fensi. Saa hii kuna jini inatengenezwa hapa Nairobi, Procera, wanatumia matunda ya mutarakwa wa hapa hapa Kenya. Bei yake iko juu lakini siku ukipata pesa onja, ina kitu kama msitu baada ya mvua. Mimi chupa yangu imekaa karibu mwaka maana nainywa kwa heshima.

MzeeWaMoshi
Vijana nawasoma. Mimi sikubaliani sana na haya mambo ya kuchanganya. Pombe imekaa kwenye pipa miaka 12 wewe unaikamulia ndimu? Kijana nunua chupa moja ya wiski nzuri, weka tone la maji, kunywa taratibu, basi.

KauntaYaPwani
Shikamoo mzee. Hiyo ya miaka 12 hata mimi siikamulii ndimu, hapo tuko pamoja kabisa. Ila wiski ziko aina na aina. Ya Scotland sheria inataka ikae kwenye pipa la mwaloni angalau miaka 3, na namba ya kwenye chupa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, sio wastani. Bourbon ya Marekani lazima mahindi yawe angalau asilimia 51 na mapipa yawe mapya yaliyochomwa ndani, ndo maana ina ule utamu wa vanila na sukari iliyoungua, na hiyo ukiiwekea shira kidogo, matone mawili ya Angostura, ile pombe chungu ya viungo inayotiwa kwa matone, na ganda la chungwa, ukakoroga kwa kijiko na barafu, mzee nakuhakikishia hutasema imeharibiwa. Penye ndimu tunatikisa, pombe tupu tunakoroga taratibu.

Na kwa mleta mada, Konyagi inaingia, isikupe aibu. Imetokana na molasesi ya miwa kwa hiyo ndimu na sukari ni watu wa nyumbani kwake. Jua tu ina asilimia 35 wakati jini na vodka nyingi ziko 40 hivi, kwa hiyo itikise muda mfupi zaidi, ukiitikisa sana maji ya barafu yanaifunika. Mimi naipenda na shira ya karafuu: ile shira ikiwa bado ya moto tupia karafuu sita saba, funika dakika 20, chuja. Wageni walikuwa wananiuliza hii ni ramu gani.

BintiMvita
Kaka NdimuTabata mimi nakuongezea moja tu ila ni muhimu. Siku ukifika kwenye kokteli ya Negroni, yaani jini, Campari (ile pombe nyekundu chungu) na vermuti nyekundu sawa kwa sawa, basi vermuti ukishaifungua weka FRIJI. Ile ni divai iliyoongezwa nguvu kwa pombe kali na kutiwa majani machungu, sio kama jini inayokaa kabatini miaka. Mimi niliiacha kabatini Mombasa na hili joto letu karibu nusu mwaka nikawa nawaambia watu sipendi Negroni, mpaka nilipoinywa kwa mwenzangu anayeitunza vizuri nikashtuka, kumbe nilikuwa nakunywa kitu kilichoharibika. Nunua chupa ndogo, imalize ndani ya mwezi au miwili.

Na nyumbani kwetu wengi hawanywi kabisa, kwa hiyo hesabu hiyohiyo ya kichachu na kitamu naitumia bila pombe. Ukwaju mzito, shira ya iliki, ndimu kidogo, tikisa na barafu mpaka itoe povu, tia chumvi ncha ya kisu. Mgeni asiyekunywa naye anastahili glasi iliyofikiriwa, sio kupewa soda na kusahauliwa.

Mutarakwa254
Hiyo ya chumvi nimeiiba dada. Na pia msisahau Stoney Tangawizi, vodka, ndimu na Stoney kwa glasi ndefu ni rahisi na iko sawa kabisa.

MpitaNjia_Arusha
Naweka hapa jambo moja kabla hujatoka dukani. Vinywaji vikali vya kughushi vipo na methanoli inapofusha na kuua, sio hadithi. Angalia stempu ya kodi kwenye chupa na uihakiki kwa simu, TRA wana Hakiki Stempu na Kenya kuna Soma Label ya KRA. Mfuniko ukiwa umelegea au bei iko chini kupita akili, rudisha.

NdimuTabata
Wakuu nimerudi, asanteni sana jamani. Nimenunua vodka moja tu na Konyagi ya robo, stempu nimehakiki, na zaidi ya nusu ya ile laki mbili bado iko mfukoni. Bomba la 20 ml nimechukua duka la dawa, muuzaji kaniuliza mtoto anaumwa nini.

Zoezi la glasi tatu nimefanya Jumamosi na mke wangu. Nilikuwa na uhakika nitapenda ile tamu, kumbe wote wawili tumechagua ya kwanza yenye shira kidogo, ndimu ilikuwa inasikika vizuri zaidi. Dawa nimeirudia kwa asali iliyolainishwa, safari hii imeyeyuka mpaka chini, haijafika ile ya Nairobi ila nimeitambua ni yenyewe. Mama alikuwepo, yeye hanywi, nimempa ya ukwaju kwa glasi ileile kama yetu, akaomba ya pili afu akaniambia niongeze iliki.

Konyagi na karafuu ndo imenishangaza kuliko zote. Mwezi ujao nanunua jini. Kaunta, hiyo shira ya karafuu inakaa siku ngapi?

KauntaYaPwani
Friji, chupa safi iliyokauka, wiki mbili mpaka tatu. Ukiona utando juu mwaga. Na mama msikilize kuhusu iliki.