Mabinti tuliopita studio, tupeane uzoefu

Kipaza Kibovu: Leo nimepita Sinza, ile studio yetu ya zamani siku hizi ni saluni. Nikakumbuka nilivyoambiwa, "We shika kiitikio tu, vesi waachie masela." Na vesi niliandika mimi! Wenzangu yaliwakuta yapi?

Dada Mkubwa: Kiitikio hadi leo, shoga.

Kipilipili: Mimi 2011. Nimedunduliza laki na nusu, nikalipa yote. Prodyuza akanipangia saa nne usiku, eti mchana mgao wa umeme. Nikaenda na mdogo wangu wa kiume, akaambiwa abaki nje. Mnavijua vile vyumba, magodoro ukutani, ukipiga yowe unajisikia mwenyewe. Akazima taa. Akasema hela yangu atanirudishia "tukielewana". Nikapapasa stendi ya maiki, nikaing'oa, nikamwambia fungua mlango. Akafungua huku anacheka. Hela haikurudi. Miezi miwili baadaye nausikia wimbo wangu redioni, melodi ile ile, kaimba binti mwingine. Ukipigwa kwenye daladala nashuka, hata kama sijafika.

Mzee wa Besi: Pole. Ila saa nne usiku ulifuata nini?

Kipilipili: Nilichokilipia.

Kipaza Kibovu: Mzee wa Besi, wewe ulikuwa unarekodi mpaka alfajiri. Nani alikuuliza?

Mzee wa Besi: Haya, nimenyamaza.

Bush Lawyer: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25. Mwenye mamlaka akidai ngono ili akupe haki yako ni kosa: faini hadi milioni tano, jela hadi miaka mitatu, au vyote. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, piga 113, bure.

Chapati Moja: Ushahidi atautoa wapi, gizani wawili tu?

Mama Temeke: Nenda na shangazi. Wangu alikaa kwenye kochi anachambua mchicha, wimbo ukaisha kwa saa mbili.

Dada Mkubwa: Thubutu! Ukienda na shangazi wanakuona mtoto. Jifunze kutengeneza biti mwenyewe.

Wa Ng'ambo Unguja: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alikwenda kurekodi Bombay 1928, na leo miye nikishika fidla naulizwa mume wangu yuko wapi. Njooni muwaone Tausi, kundi la taarabu, wanawake watupu na ala wanapiga wenyewe.

Chapati Moja: Kipilipili, wimbo gani huo?

Kipilipili: Sitaji.

Kipaza Kibovu: Mama Temeke, shangazi bado yupo? Nina sesheni Jumamosi, mchicha nanunua mimi.