Mrejesho: kile kibanja cha Wakiso

Wapendwa, mtakumbuka niliuliza kama mkataba wenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) unatosha kununulia kibanja Wakiso, Uganda. Wengi mlinizuia. Shukrani, mmeniokoa.

Nilienda ofisi ya ardhi na namba ya bloku na ploti, wakanipekulia hati. Kumbe ardhi ni ya mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, wa huku Buganda), na ina mwenye hati ambaye muuzaji hakuwahi kumtaja! Muuzaji mwenyewe ni mpangaji wa kibanja tu, yaani ana haki ya kukaa na kutumia ardhi ya mwenye hati, na humlipa busuulu, kodi ya ardhi ya kila mwaka. Nikamwomba risiti, akanitolea moja imekunjwa mara nne, wino umefifia, ya miaka mingi nyuma.

Wakili akanieleza kitu ambacho sikukijua kabisa: kwa Sheria ya Ardhi, mwenye kibanja akitaka kuuza lazima kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kununua. Na tangu marekebisho ya 2010, asipofanya hivyo, mauzo ni batili na haki yake kwenye kibanja inapotea. Yaani pesa zangu zingeenda na kibanja kingerudi kwa mwenye hati.

La pili ni mke wa muuzaji. Wanaishi palepale, sheria inataka ridhaa yake, na mama wa watu alikuwa anaanika mihogo uani hajui kama nyumba inauzwa. Hapo nilinyamaza.

Sijalipa hata shilingi. Mwenye hati tumeshampata, yuko tayari kuandika barua ya idhini. Mama naye anataka kwanza wakae kifamilia. Nasubiri.