Kijana wa kazi amefyeka masale ya mpakani, bibi jirani hanisemeshi tena. Nifanyeje?

Mgeni wa Rau:
Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri, hasa ninyi wenyeji wa Moshi, maana jambo hili linaninyima raha tangu Jumamosi.

Kwetu ni Singida. Nimehamia Rau mwaka jana kikazi, nimepanga nyumba yenye uwanja mkubwa. Upande wa kulia anaishi bibi mmoja mtu mzima sana, yeye na mjukuu wake tu. Tangu nifike amenichukua kama mwanawe. Mgomba wake wa mshare ukikomaa ananikatia chane mbili za kupikia mtori, na mimi nikitoka nyumbani namletea mafuta ya alizeti.

Sasa masika yanakaribia, nikaona nisafishe uwanja kabla majani hayajanishinda. Mtaro ulikuwa umejaa udongo, ukoka umefika mlangoni, na kulikuwa na matairi mabovu nyuma ya nyumba yanayotuamisha maji. Nikamwita kijana, nikamwambia "safisha mpaka mpakani", nikaenda kazini. Niliporudi jioni, mstari wote wa yale majani marefu yaliyokuwa kati yetu ulikuwa chini. Mengi ameyakata kwa panga, matatu ameyang'oa kwa jembe. Halafu lundo lote kalitia moto mchana, likiwa bichi, na moshi ukaenda moja kwa moja kwa bibi aliyekuwa ameanika mashuka.

Kesho yake nilimpelekea elfu thelathini za fidia. Aliziangalia, akaniuliza, "Hela ya nini?" Akaingia ndani. Tangu siku hiyo nikimpa shikamoo anaitikia marahaba huku anatazama pembeni.

Jina la masale nimeambiwa juzi na muuza duka. Sikujua kama yana maana yoyote. Nifanyeje?

Mzee wa Kirua:
Mwanangu, pole. Kwetu Uchagani isale si ua la kupamba uwanja. Kabla ya wapima ardhi kuja na bikoni zao, yaani mawe ya mpaka, baba akimgawia mwanawe kihamba, shamba la nyumbani, alipanda masale mpakani, na ikawa imetosha. Anayeyang'oa ni kama anasema eneo ni lake. Tena tunayapanda hata makaburini kwa wazee wetu, kwa hiyo bibi alipoyaona yanaungua sijui moyoni alikumbuka nini. Pengine aliyapanda marehemu mume wake. Wewe huwezi kujua, na hata mimi siwezi.

Lakini hilo hilo jani ndilo la kuombea msamaha. Mtu aliyekukosea akija kwako ameshika isale, kumkatalia ni jambo zito mno, watu wameacha hata ugomvi wa miaka kwa ajili yake. Hela yako ilimuumiza kwa sababu ilitangulia neno la pole, ikawa kama umekuja kununua mpaka.

Fanya hivi. Omba isale kwa mtu mwingine, usikate kwake. Mtafute mama mtu mzima wa mtaani anayewafahamu wote wawili, akusindikize jioni bibi akiwa ametulia. Lishike kwa mikono miwili. Sema kosa ni langu. Yule kijana usimtaje kabisa, maana wewe ndiye uliyemtuma.

Njiro Block C:
Naheshimu mila, ila dada wewe ni mpangaji. Mwenye nyumba anajua? Usipande hata jani moja kabla hujamwambia, kwa sababu ukipanda hatua moja huku au kule, kesho kutwa ni kesi ya mpaka na wewe umeshahama. Waulize bikoni ziko wapi. Na mkishindwana, tangu mwaka 2021 Baraza la Kata kwenye mambo ya ardhi linapatanisha tu, haliamui. Kinachofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kuna gharama.

Mzee wa Kirua:
Hilo la mwenye nyumba ni sahihi, ampigie leo. Ila baraza tuliache, bibi hajamshtaki mtu.

Fundi Bustani:
Mimi naongelea mimea. Mashina yaliyobaki ardhini msiyaguse, yatachipua yenyewe chini ya pale yalipokatwa. Kwa yale matatu yaliyong'olewa, tafuta vipande vya shina vyenye urefu wa kuanzia kiwiko hadi vidole, viache kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke, kisha panda mvua za kwanza zikishalowesha udongo. Angalia usipande kichwa chini. Isale halisumbui kushika, likifa ujue limeozeshwa na maji mengi.

Majani mabichi siku nyingine usichome. Yatandaze chini ya migomba, yanatunza unyevu na yanageuka mbolea. Hayo matairi yatoe leo kabla hujafanya lingine, maana maji yakikaa humo wiki moja hadi mbili mbu wameshatoka. Na huo mtaro uliouzibua, mvua ikinyesha simama uone maji yanaelekea wapi. Yasije yakamwagikia bibi, hapo utakuwa na kosa la pili.

Kijana wa Pasua:
Si apande manyara tu? Yanakua haraka na ng'ombe hawali.

Fundi Bustani:
Kuna mtoto pale. Utomvu wa manyara ukiingia jichoni ni hospitali. Na bibi anataka masale yake, siyo ua lolote.

Mama wa Wawili:
Mashuka mmeyasahau. Siku ukienda, omba uyafue. Nimeishi na majirani wa kila aina, moshi kwenye nguo zilizofuliwa kwa mkono unauma kuliko mnavyofikiri wanaume.

Mgeni wa Rau:
Nimerudi, asanteni wote. Mwenye nyumba nilimpigia, akasema masale yaliwekwa tangu enzi za baba yake na nirudishe palepale mashimo yalipo. Jana saa kumi na moja nilikwenda na mama mmoja wa jumuiya yetu. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi lakini nilipompa isale nilisema, "Bibi, nimekukosea, naomba unisamehe," nikashindwa kuendelea. Alilipokea. Alikaa nalo mapajani muda mrefu, akizungumza Kichaga na yule mama, kisha akaniambia nikae.

Mashuka alikataa, alishayafua mwenyewe. Ila aliinuka na mkongojo wake akanionyesha mashimo yote matatu, na akasema lile la katikati lisogee kidogo kwake kwa sababu ndipo lilipokuwa kabla mzizi haujalisukuma. Vipande ninavyo kivulini. Leo usiku imenyesha, kesho asubuhi napanda, na amesema nisianze mpaka atoke nje.