Filamu za saa saba, saa nane: nani alifika mwisho? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Naanza mimi. Februari 2016, tamasha la filamu Berlin, niliingia asubuhi kuangalia kazi ya Mfilipino Lav Diaz kuhusu mapinduzi ya kwao dhidi ya Wahispania. Dakika 485, nyeusi na nyeupe, kamera imetulia tu. Tukapewa saa moja ya kula, na wapo waliokwenda kula jumla. Sehemu kubwa Gregoria de Jesús anazunguka msituni akitafuta maiti ya mumewe, Andrés Bonifacio, kiongozi wa mapinduzi hayo. Anatembea, anatembea. Nikachoka naye, na uchovu ule ndio ulionishika. Wangenipa dakika tano na muziki wa huzuni ningelia, nikatoka, nikasahau. Leteni yenu.

#2
Hiyo cha mtoto mkuu. Sátántangó ya Béla Tarr, Hungaria, 1994: saa saba na ushee. Inaanza na ng'ombe wanatoka kwenye matope, karibu dakika nane, hakuna anayesema neno. Jirani yangu kaniuliza kama mashine imeganda! Halafu walevi kilabuni wanacheza dansi kwa kodiani ileile mpaka utamani kumnyang'anya mpigaji. Nikasinzia. Kuamka, bado mvua, bado matope. Wanaosema ni ibada, sawa, ila mimi nililipa tiketi.

#3
#2 umelala halafu unatoa hukumu? Haya. Mimi niliangalia Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya 1975, saa tatu na dakika 21. Mama mjane Brussels, Ubelgiji: anamenya viazi, anaosha vyombo katupa mgongo, anatandika kitanda. Siku ya kwanza kila kitu kiko mahali pake. Siku ya pili viazi vinapitiliza jikoni, anabaki kasimama na sufuria mkononi hajui aiweke wapi. Nilishtuka moyo ukaenda mbio. Aliyewahi kubeba nyumba peke yake anajua hapo kuna jambo linakuja. Kaka wawili wa mbele yangu walikuwa kwenye simu, na mwisho ulipofika wakaanza kuulizana kimetokea nini.

#4
Dada #3 umemaliza 😂

#2
Nimekubali yaishe. Viazi nitaviangalia.

#1
Wanaoanza: anza na hiyo ya #3, kaa kiti cha pembeni, kula kabla, chai punguza.