HERUFI ELFU KUMI TU! Wamesoma bahasha, wakahukumu barua, halafu Bunge linanyimwa orodha

Mchimba Zabuni (mleta uzi)

Wakuu, hapa nilipo natetemeka kwa hasira, mnivumilie. Jamaa mnamjua, waziri Doug Collins. Ni yule yule wa video ya Februari 2025, aliyetangaza kwamba idara ya askari wastaafu wa Marekani inavunja mikataba 875 ya karibu dola bilioni 2, eti hizo ni hela za kutengenezewa slaidi na kuandikiwa mihtasari ya vikao. Kelele zikapigwa kwamba humo mna huduma za saratani na za mazishi, kesho yake breki. Machi 3 ikatoka idadi mpya, 585. Haya.

Lakini herufi elfu kumi, jamani! Herufi elfu kumi!

Kwa aliyelala: baada ya hapo wale vijana wa kubana matumizi (DOGE) walileta programu ya akili mnemba ipitie mikataba na kuamua upi "unatafunika", yaani wa kuvunjwa. Ikalishwa herufi 10,000 za mwanzo za mkataba, kama maneno 2,500, basi. Sasa aliyewahi kushika mkataba wa idara ile anajua kurasa za mwanzo zina nini: fomu 1449 yenye viboksi, namba ya mkataba, anwani ya kupeleka ankara, jina la ofisa mkataba, masharti ya malipo, kisha jedwali la bei. Maelezo ya kazi yenyewe, nani anafanya nini, kwa mgonjwa gani, mara ngapi kwa mwezi, mara nyingi yanafuata baada ya hapo. Mashine imesoma bahasha ikahukumu barua! Hata muuza maandazi anasoma gazeti la kufungia kuliko walivyosoma hawa!

Na hesabu zake ndizo balaa. Mikataba kama 1,100 programu iliona kila mmoja una thamani ya dola milioni 34. Humo mlikuwa na ya dola 35,000. Elfu thelathini na tano imegeuka milioni thelathini na nne! Umenunua baiskeli, umeandikiwa ndege. Aliyeiandika hakuwa mtu wa tiba wala wa manunuzi ya serikali, na mwenyewe amekiri hadharani kwamba ina makosa. Iliyogongwa muhuri wa kutafunwa ilipita 2,000. Katika iliyovunjwa kumo matengenezo ya mashine ya kusoma vinasaba, inayotumika kutafuta tiba bora za saratani. Mashine kama hiyo bila fundi wa kuja kuirekebisha vipimo inaendelea kuwaka taa, ila majibu yake huyaamini tena, na sampuli uliyokwisha kuitumia hairudi.

Wajumbe wa kamati za Bunge la Marekani wakiomba orodha kamili, ni danadana. Herufi elfu kumi!

Mzee wa LPO (#2)

Mkuu, umekasirika vizuri ila umeruka penye nyama. Ile "akiba" wanayotangaza ndiyo ya kuchungulia. Mkataba una namba tatu: kikomo cha juu kinachoweza kufikiwa, hela iliyofungwa rasmi kwa ajili yake, na hela iliyokwisha kulipwa. Ukivunja mkataba wa kikomo cha milioni 10 uliofungiwa milioni 2 na kulipwa milioni 1.5, unachookoa hakizidi laki tano, na bado hujamlipa mkandarasi fidia. Wenyewe kwenye ile 585 walisema thamani ni dola bilioni 1.8, ila zitakazorudi idarani ni kama milioni 900. Nusu imeyeyuka kabla ya mtu kuuliza swali.

Na fidia ipo. Serikali ikivunja kwa manufaa yake yenyewe, bila kosa la mkandarasi, inamlipa sehemu ya kazi iliyokamilika pamoja na gharama za kufunga kazi. Kwenye mikataba mikubwa isiyo ya bidhaa za kawaida ana mwaka mzima wa kuleta madai. Kwa hiyo anayetangaza akiba wiki ya kwanza anatangaza kitu ambacho hesabu yake haijafungwa.

Bi Kidude Cha Ofisi (#3)

Mleta uzi umeimba "herufi elfu kumi" kama kiitikio cha taarab, na hujasema kamati iombe nini. Idara inajibu kwamba kila mkataba ulipitiwa na watu kabla ya kuvunjwa. Sasa hilo unalipinga kwa kupiga kelele au kwa karatasi?

Kwa karatasi ni hivi. Kila mkataba ukivunjwa lazima yatoke marekebisho ya maandishi, na yanaingia kwenye daftari la wazi la mikataba ya serikali kuu. Pale kuna kipengele cha sababu ya marekebisho. Herufi F ni kuvunja kwa manufaa ya serikali. E ni kwa kosa la mkandarasi. Chuja idara, chuja F, chuja tarehe, unapata orodha yako. Halafu kamati iombe jalada la ofisa mkataba: nani aliamua, tarehe gani, na huduma ile sasa inafanywa na nani. Hilo la mwisho ndilo wanalolikimbia. Mkataba wa kupima na kuboresha huduma za wauguzi ulivunjwa. Nani anapima sasa? Jina, kituo, tarehe aliyoanza.

Mchimba Zabuni (#4)

Bi mkubwa, shikamoo, lakini unadhani ofisa mkataba ataandika jaladani "niliambiwa na mashine"? Na aliyepitia alipitia kwa dakika ngapi? Halafu daftari la wazi linakuonyesha uliovunjwa, halikuonyeshi uliopangwa kuvunjwa ukanusurika, wala ule walioacha uishe muda kimyakimya bila kuuongeza. Huo wa mwisho hauna F yoyote! Ndiyo maana Blumenthal kule Seneti na Takano kule Baraza la Wawakilishi wanadai orodha kutoka kwa mwenye nyumba mwenyewe.

Mzee wa LPO (#5)

Na hao wawili ni wa upande wa wachache. Hati ya kulazimisha nyaraka inahitaji mwenyekiti au kura za walio wengi. Wachache wana barua na maswali ya kwenye kikao, na kikaoni unapewa dakika tano. Mkaguzi mkuu wa ndani wa idara ile naye alifukuzwa Januari 2025, kabla ya mikataba kuanza kuguswa. Panga hizo tarehe mwenyewe.

Mwana wa Keya (#6)

Mnawalilia maveterani wa Marekani, na wazee wetu wa Keya (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza) waliopigana Burma? Kiinua mgongo walilipwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu wa cheo kile kile akipata hadi mara tatu. Kamati gani iliita kikao?

Msomi wa Makutupora (#7)

Kwetu Tanzania hata ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapitia kwa Rais kwanza. Ibara ya 143 ya Katiba inasema iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kuanza, na Rais asipofanya hivyo CAG ampelekee Spika. Tuongelee hilo, ya Washington waachieni wenyewe.

Mchimba Zabuni (#8)

Jamani uzi ni wa HERUFI ELFU KUMI.

Mwana wa Keya (#9)

Na wapagazi wa Vita ya Kwanza je? Wanakadiriwa kufa zaidi ya 90,000, ujira wa wengi haukufika kwa warithi wao. Kariakoo mnayokwenda kununua vitenge ndiyo kambi yao, Carrier Corps. Nani kati yenu anajua hilo?

Bi Kidude Cha Ofisi (#10)

Kila mtu anajua hilo, kaka. Ongeza Kariokor ya Nairobi.

Mwana wa Keya (#11)

Ya Dar ndiyo maarufu.

Mtoto wa Ziwani (#12)

Ya Dar maarufu kwa vitenge. Nairobi kuna mnara wa askari ambako wapagazi wameandikwa kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, kwa Kiswahili. Nenda kausome.

Mwana wa Keya (#13)

Na ule mnara wa askari pale Posta mpya Dar ni nini, ubao wa matangazo?